Kibarua cha Mwanafunzi

Kijana atokaye Pemba hushuka botini Malindi na begi lake, akaelekea Tunguu kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Siku za mwanzo humpotea katika kutafuta dakhalia au chumba cha kukodi. Hayo huzoeleka. Lililo zito ni fedha. Bodi ya Mikopo tunayo tangu 2011, lakini si kila mwombaji hupata. Nayo mikarafuu ya wazee haizai sawa kila mwaka. Ndipo anapoingia kibarua: jioni dukani Darajani, au usiku hotelini kupokea wageni.

Sisi hatuoni aibu katika kazi hiyo. Tunalolikataa ni mwenye duka kumwita mwanafunzi siku ya mtihani, kisha akamkata ujira kwa kutofika. Huyo hamsaidii, anamtumia. Na chuo chochote kinachobadili ratiba katikati ya muhula humvunjia kijana ahadi aliyokwisha kumpa mwajiri.

Tunawaomba wakubwa wanaohusika na kazi watoe mkataba mfupi wa vibarua wanafunzi: saa zijulikane, ujira ulipwe kwa saa, ruhusa ya mitihani iandikwe. Karatasi moja yatosha, nayo itoke kabla ya muhula ujao kufunguliwa.