Mama wa Chieno Mbele ya Kamera

Picha za mwanzo za Wajaluo zilipigwa na watu waliokuja kutawala, kuhubiri au kuchunguza. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipita Ujaluo na kamera yake. Picha zake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Kabla yake wakoloni walishatuita "Wakavirondo", na kadi za posta zenye jina hilo zikauzwa Ulaya, watu wetu wakitangazwa kuwa watembea uchi.

Hilo la uchi linaniuma. Mama aliyefunga chieno, mkia wa nyuzi unaoning'inia nyuma ya kiuno, alikuwa amevaa. Lilikuwa vazi la mke wa mtu, na kijiji kizima kililisoma hivyo. Pengo mdomoni nalo lina habari yake: meno sita ya chini yaling'olewa kwa desturi ya nak, kijana akatoka utotoni. Wazee husema pengo hilo lilisaidia kumnywesha uji mgonjwa aliyebanwa taya.

Picha hizo za mwanzo zinaonyesha shanga, ngao na manyoya, lakini mtu mara nyingi amesimamishwa peke yake, kang'olewa katika dala, boma la familia yake. Hapo ndipo pengo kubwa lilipo. Katika dala, nyumba ya mikai, mke wa kwanza, hutazama lango. Nyachira, mke wa pili, ana upande wake. Simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango, na mzee hukaa duol, kibanda chake, na wageni wake. Mjaluo alijulikana kwa mahali pa nyumba yake.

Kwa hiyo napenda picha hizi zifike Macalder, mji uliokuzwa na mgodi wa dhahabu na shaba. Si mbali na hapo, kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe bila saruji wala chokaa, bado zina malango membamba na mazizi ndani. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mtoto akitoka kutazama picha aingie mle, aone watu wa zamani waliishi ndani ya mpango gani.

Inawezekana. Mwaka 2007 watafiti Gilbert Oteyo na Christopher Morton walirudisha nakala za picha za Oxford vijijini Nyanza, katika maonyesho ya Paro Manene. Macalder nayo iandaliwe siku yake: picha zitundikwe sokoni, akina nyanya wakalishwe mbele, na kila pambo watakalolitambua liandikwe kama walivyolitaja.