Démineur: mchezo wa simu, na mashamba ya Kalembe yasiyotoa namba

Kwenye simu, Démineur ni mchezo mwepesi sana. Kuna visanduku vya kijivu vilivyopangwa safu kwa safu, namba ndogo ndani yake, na bendera nyekundu. Haudai intaneti, haumalizi mega, na unacheza hata kwenye simu ya zamani ambayo batri yake imechoka. Kanuni yake ni moja: fungua visanduku vyote visivyo na bomu, usiguse hata kimoja chenye bomu.

Kalembe, kwenye mpaka wa maeneo ya Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, kanuni hiyo ina uzito mwingine. Hapo mabomu si ya kioo cha simu. Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, waasi wa M23 waliingia Kalembe baada ya kupigana na vijana wa Wazalendo. Angola, iliyokuwa mpatanishi kati ya Kongo na Rwanda, ililaani kitendo hicho ikisema kimevunja usimamishaji wa mapigano ulioanza tarehe 4 Agosti mwaka huo. Mapigano hayakuishia hapo. Barabara inayotoka Kitchanga na Mweso kupitia Kalembe kuelekea Pinga imeona silaha nyingi, na raia wa vijiji vyake wamekimbia na kurudi zaidi ya mara moja.

Kila mara raia anaporudi, swali ni lile lile ambalo mchezo wa Démineur unauliza: je, hapa naweza kukanyaga?

Namba inazungumza juu ya jirani zake

Asiyeujua mchezo huu anadhani ni bahati nasibu. Sivyo. Ukifungua kisanduku kisicho na bomu, kinakuonyesha namba. Namba hiyo haisemi chochote juu ya kisanduku chenyewe. Inasema juu ya majirani wake: kati ya visanduku vinane vinavyokizunguka, vingapi vina bomu. Ukiona 3, basi mabomu matatu yako karibu. Kisanduku kikifunguka kitupu, bila namba, majirani wote ni salama.

Kazi ya mchezaji ni kulinganisha ushahidi. Chukua mfano wa visanduku vilivyofunguliwa kwenye safu moja, kuanzia ukingo wa uwanja, na juu yao safu nyingine ambayo bado imefungwa. Kisanduku cha kwanza, cha ukingoni, kinaonyesha 1. Kwa kuwa kiko ukingoni, kinagusa visanduku viwili tu vilivyofungwa: cha kwanza na cha pili. Basi bomu liko katika kimoja cha hivyo viwili. Kisanduku kinachofuata nacho kinaonyesha 1, ila chenyewe kinagusa vitatu: cha kwanza, cha pili na cha tatu. Bomu lake moja tayari limepatikana ndani ya viwili vya kwanza. Kwa hiyo cha tatu hakina kitu, na mchezaji anakifungua bila woga.

Mchezaji hajui bado bomu liko wapi hasa. Lakini anajua mahali ambapo haliko, na hilo linamtosha kusonga mbele. Hakuna shahidi mmoja aliyemwambia jambo lote. Mashahidi wawili, kila mmoja akijua kidogo, wamempa uhakika.

Kutoka Spectrum hadi mfukoni

Michezo ya namna hii si ya jana. Mwaka 1983 Muingereza Ian Andrew alitoa mchezo uitwao Mined-Out kwa kompyuta ndogo za Spectrum: mchezaji alivuka uwanja wenye mabomu yaliyofichwa, akiambiwa tu yako mangapi karibu naye. Toleo lililoenea dunia nzima liliandikwa na Robert Donner na Curt Johnson wa kampuni ya Microsoft. Lilitoka mwaka 1990, na mwaka 1992 liliingizwa moja kwa moja ndani ya Windows 3.1. Tangu hapo, kila ofisi yenye kompyuta ilikuwa nao. Kwa Kiingereza ni Minesweeper. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaujua kama Démineur.

Ngazi zake pia zinajulikana. Ya wanaoanza ina visanduku 81 na mabomu 10. Ya kati ina visanduku 256 na mabomu 40. Ya mabingwa ina visanduku 480 na mabomu 99, yaani karibu kisanduku kimoja kati ya vitano kina bomu.

Urahisi wa macho unadanganya. Mwaka 2000 mwanahisabati Richard Kaye wa Uingereza alionyesha kwamba kuamua kama uwanja wa Démineur wenye namba na bendera unaweza kuwa wa kweli, bila kujipinga wenyewe, ni tatizo la lile kundi la matatizo magumu ambalo wataalamu wa kompyuta bado hawajalipatia njia ya haraka. Uwanja mdogo unatatuliwa kwa akili ya kawaida. Uwanja mkubwa unaweza kuichosha hata mashine.

Si wote waliofurahia mchezo huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi moja la Italia lililalamika kwamba ni kuwadharau watu waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini. Baadaye, katika Windows Vista, Microsoft iliweka chaguo la kucheza na maua badala ya mabomu. Hesabu ni ile ile, picha tu ndiyo imebadilika.

Ardhi haina namba

Kwa mtu wa Kalembe, tofauti kubwa kati ya mchezo na shamba si picha ya bomu. Ni kwamba shamba halitoi namba.

Mkulima akisimama kwenye ukingo wa shamba lake la muhogo au maharagi, baada ya miezi ya kuwa mkimbizi, udongo haumwambii kitu. Nyasi zimeota juu ya mashimo. Mahandaki ya wapiganaji yamejaa maji. Kombora lililoanguka bila kulipuka linaweza kuonekana nusu, au lisionekane kabisa. Grenadi iliyosahauliwa inaweza kufunikwa na majani ya mwaka mmoja.

Kisha kuna mambo ambayo mchezo hauna. Katika Démineur, bomu halihami. Kwenye milima ya Masisi, mvua inashusha udongo na vilivyomo hadi bondeni. Mtoto anaokota chuma kinachong'aa na kukipeleka nyumbani. Mtu anayetafuta vyuma vya kuuza anakibeba hadi sokoni. Mahali palipokuwa salama mwezi uliopita panaweza kuwa na hatari leo, bila risasi hata moja kupigwa.

Nchini Kongo, sehemu kubwa ya hatari hii si mabomu yaliyozikwa kwa makusudi. Ni mabaki ya vita: makombora, roketi, grenadi na risasi ambazo hazikulipuka au zimeachwa. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Ottawa unaokataza mabomu ya ardhini yanayolenga watu mwaka 2002. Mwaka huo huo, idara ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na mabomu, UNMAS, ilianza kazi nchini. Serikali ina kituo chake, CCLAM, kinachosimamia kazi hiyo. Lakini serikali imelazimika kuomba muda wa ziada mara kadhaa ili kumaliza kusafisha ardhi, na katika maeneo ambayo vita bado vinaendelea, kinachosafishwa leo kinaweza kuchafuliwa kesho.

Kubahatisha kwa sababu ya njaa

Kila mchezaji wa Démineur anajua dakika ile mbaya. Namba zote zimesomwa, visanduku viwili vimebaki, kimoja kina bomu, na hakuna ushahidi wa kuvitofautisha. Hapo akili imefika mwisho wake. Inabaki kubahatisha: nusu kwa nusu. Ukikosea, unaanza upya.

Mkulima anayerudi kijijini anasukumwa kwenye dakika hiyo hiyo na kitu kingine: msimu. Katika Kivu, kupanda kwa msimu A kunaanza mwezi wa Septemba, na kwa msimu B karibu mwezi wa pili au wa tatu. Akikosa msimu, familia itakula nini? Ndiyo maana kumwambia mtu "usiende shambani" hakutoshi. Anajua hatari. Anaipima na njaa ya watoto wake, na mara nyingi njaa inashinda.

Hapa mchezo unakumbusha jambo la pili, ambalo watu hawalifikirii sana. Bendera nayo inaweza kuwekwa vibaya. Mchezaji mwoga anayeweka bendera kila mahali hafungui kitu na hamalizi mchezo. Vivyo hivyo, kijiji kinachoogopa mlima mzima kwa sababu ya kombora moja kinaacha ardhi nzuri bila kulimwa. Kosa la kukanyaga pabaya linaua kwa mara moja. Kosa la kuogopa pazuri linaleta njaa polepole. Dawa ya makosa yote mawili ni habari ya kweli.

Kazi inaanza na maswali

Watu wengi wanamfikiria mteguaji wa mabomu akiwa amepiga magoti, kofia ya kioo usoni, mashine ya kupima chuma mkononi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini si mwanzo wa kazi. Kabla ya mashine kuletwa, wataalamu wanazungumza na wakaaji. Wanauliza: mapigano yalikuwa wapi? Nani aliweka kambi kwenye kilima kile? Ng'ombe waliwahi kuumia wapi? Njia ipi mnapita kila siku, na ipi mmeiacha, kwa nini?

Majibu hayo yanachorwa kwenye ramani. Sehemu ambayo watu wameilima misimu kadhaa bila tatizo inaweza kuondolewa kwenye orodha ya hatari bila kuchimbwa hata kidogo. Sehemu inayobaki inapunguzwa, na ile yenye ushahidi wa hatari ndiyo inayosafishwa, kipande kwa kipande, ndani ya njia nyembamba zilizowekewa alama. Mawe au miti inapakwa rangi: upande mwekundu ni wa hatari, upande mweupe ni wa salama.

Kwa maneno mengine, wataalamu wanatafuta namba ambazo ardhi haikutoa. Wanazipata kwa wenyeji. Mama aliyepita kuchota maji siku ya mapigano, mchungaji aliyeona kombora likianguka bila mlio, mzee anayekumbuka handaki lilikuwa chini ya mti gani: kila mmoja anajua kidogo juu ya kipande kilicho karibu naye, kama vile namba kwenye mchezo.

Ndiyo sababu kimya ni hatari kubwa kijijini. Mtu aliyeona grenadi kwenye njia ya kisima na akanyamaza kwa kuogopa kuulizwa maswali na wenye silaha ameficha namba ambayo jirani yake anaihitaji. Hofu hiyo ina sababu zake, hasa mahali ambapo utawala umebadilika mikono. Hata hivyo, habari inaweza kupita kwa mwalimu, kwa kiongozi wa kanisa, kwa chefu wa kijiji au kwa watu wa Msalaba Mwekundu, bila aliyeiona kwenda kambini.

Mambo ya kumwambia mtoto

Mtoto anayecheza Démineur kwenye simu ya kaka yake tayari anajua nusu ya somo: usiguse usichokijua. Nusu ya pili lazima aambiwe na mkubwa, kwa sababu mchezo unamzoesha kwamba kosa linafutwa kwa kugusa kitufe.

Mambo yenyewe si mengi. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome moto, usikipige teke. Usikisogelee ili kukiangalia vizuri au kukipiga picha. Simama. Ikiwa umekwisha kuingia mahali pa hatari, rudi polepole kwa kukanyaga pale pale ulipopita. Ikiwa huwezi kuona nyayo zako, baki ulipo na uite msaada kwa sauti, na wanaokuja wasikukimbilie. Ukifika mahali salama, weka alama inayoonekana kwa mbali, fimbo au mawe njiani, bila kukaribia kitu chenyewe. Waonye wenzako, kisha mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, na ueleze mahali vizuri: karibu na mti gani, upande gani wa mto, hatua ngapi kutoka njiani.

Na kabla ya kupanda, wenye mashamba yanayopakana wanaweza kukaa pamoja hata saa moja, na kuulizana kila mmoja aliona nini upande wake. Mwenye shamba la juu aseme ya juu, mwenye la chini aseme ya chini, na waliobaki kijijini wakati wengine wamekimbia wasemeshwe kwanza, maana wao ndio walioona mwisho nani alipita na aliacha nini.