Kamba ya Kumshushia Mgonjwa Uluguru

Uokoaji wa kamba ukitajwa, wengi hufikiria helikopta na majabali yenye theluji. Mwaka 1970 Dk. Judmaier, raia wa Austria, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya. Zaidi ya wiki moja ilipita kabla hajafikishwa chini, na rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka. Waliomtoa Judmaier hatimaye ni watu waliojua kazi ya kamba, wakiwemo waliotoka Innsbruck. Ujuzi huo, naamini, una kazi kubwa zaidi Mkuyuni, mashariki mwa milima ya Uluguru, kuliko kule kileleni. Huku watu hulima miteremkoni na kupanda minazi na mifenesi kila msimu. Takwimu za Hospitali ya KCMC, Moshi, zinaonyesha kuwa kuanguka kutoka juu, pamoja na ajali za barabarani, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha ya uti wa mgongo.

Barabara na hospitali ya rufaa ya mkoa viko chini, mjini Morogoro, kwa hiyo mgonjwa wa Uluguru kwa kawaida anahitaji kushushwa. Kumpandisha mtu kunadai makapi, na kwa mfumo wa kawaida wa tatu kwa moja utavuta mita 3 za kamba ili mzigo upande mita 1, huku msuguano ukila sehemu ya nguvu zako. Katika kushusha, msuguano huo unakuwa msaidizi. Chukua mgonjwa, machela na mwokoaji mmoja, jumla kilo 160, kwenye mteremko wa nyuzi 30: kamba inabeba uzito wa kilo 80 hivi. Izungushe mara mbili kamili kwenye shina la mti mzima, na tukikadiria kigezo cha msuguano kuwa 0.25, anayeishika kamba atahitaji nguvu ya kilo tatu na nusu tu. Gunia likifungwa kwanza kwenye gome, mti na kamba havichuniki.

Itasemwa kwamba wazee wamebeba wagonjwa kwa machela miaka nenda rudi bila mahesabu haya. Ni kweli, na mabega hayo bado yanahitajika. Lakini masika yakikolea, mchukuzi mmoja akiteleza huwavuta wenzake wote, na mgonjwa aliyevunjika uti anaweza kupoteza miguu kwa mtikiso huo mmoja. Kamba ikishika mzigo, wachukuzi wanabaki na kazi ya kuusawazisha. Mama mwenye uchungu naye hunufaika: gari la m-mama, linaloitwa kwa namba 115, haliwezi kupita palipo na njia ya miguu tu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kamba mikononi mwa aliyefundishwa nusu inaua. Ninaikubali, na ndiyo sababu nasisitiza mafunzo ya juu badala ya onyesho la siku moja. Mwanafunzi lazima aelewe kuwa kamba ikigawanywa kwenye miti miwili na pembe kati ya pande mbili za kamba ikafika nyuzi 120, kila mti unabeba mzigo mzima, si nusu. Pembe ikiwa nyuzi 60, kila mmoja hubeba takriban asilimia 58. Lazima awe na kamba ya pili yenye mti wake, isiyotegemea ya kwanza. Ajue pia kuwa aliyening'inia kwenye mikanda bila kujongea anaweza kuzimia damu ikituama miguuni, hivyo ashushwe haraka na alazwe. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kisheria mwaka 2007 na linalopigiwa 114, ndilo lenye jukumu la kuyabeba mafunzo haya, ila likiyafanyia mjini kwenye ukuta mkavu litakuwa limeiacha nje nusu ya tatizo. Yafanyikie miteremkoni, mvua ikinyesha, pamoja na mgambo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na gunia la mchanga lishuke salama mara nyingi kabla binadamu hajalazwa kwenye machela ile.