Wafanyakazi wa Vyumba vya Baridi: Kipimo Kipi ni Lazima, Kipi Si Lazima

Wakazi wanaofanya kazi katika vyumba vya baridi vya samaki, nyama na maziwa huuliza mara kwa mara iwapo sheria inawataka kupimwa virusi kabla ya kuingia kazini. Wengine wameambiwa na nyapara kwamba bila "cheti cha virusi" hakuna kazi. Jibu fupi ni kwamba kipimo cha lazima kipo, ila si kile ambacho wengi wanakifikiria. Na kuna kipimo kimoja ambacho hakuna mwajiri nchini Kenya aliye na ruhusa ya kukulazimisha.

Tuanze na chanzo cha maneno haya, maana hayakuzuka hivi hivi.

Mwezi Juni 2020, jiji la Beijing lilikuwa limekaa wiki kadhaa bila mgonjwa mpya wa korona. Ghafla wagonjwa wakaanza kupatikana, na wengi wao walikuwa na uhusiano na soko kubwa la jumla la Xinfadi. Wapimaji walipata chembe za virusi kwenye ubao wa kukatia samaki aina ya salmoni waliotoka nje ya nchi, na samaki hao wakaondolewa madukani. Miezi michache baadaye, katika bandari ya Qingdao, wapakuzi wawili wa shehena za kugandishwa walipatikana na virusi bila kuonyesha dalili yoyote. Mwezi Oktoba mwaka huo China ikatangaza kwamba virusi vilivyo hai vimepatikana juu ya pakiti za samaki wa kugandishwa huko huko Qingdao. Tangu hapo, wapakuzi, madereva na wafanyakazi wa maghala ya baridi nchini humo walitakiwa kupimwa mara kwa mara, na pakiti zikanyunyiziwa dawa kabla ya kuingizwa sokoni. Kipimo cha lazima cha korona kwa vyakula baridi vinavyoingia kutoka nje kiliondolewa tarehe 8 Januari 2023.

Kwa kuwa sehemu ya samaki wa kugandishwa wanaouzwa Kenya hutoka China, habari hizo zilifika hapa haraka, na hofu ikafuata. Kenya nayo ilikuwa na masharti yake. Mikahawa iliporuhusiwa kufunguliwa tena mwishoni mwa Aprili 2020, wafanyakazi walitakiwa wapimwe korona kwanza. Madereva wa malori ya masafa marefu nao walibeba vyeti vya kuthibitisha kuwa wamepimwa. Masharti hayo hayapo tena. Anayekudai cheti cha korona leo ili ubebe katoni za samaki hana sheria ya kuegemea.

Je, samaki ndiye aliyekuwa na hatia? Shirika la Afya Duniani, WHO, na lile la Chakula na Kilimo, FAO, yalisema tangu Aprili 2020 kwamba ni vigumu mtu kuambukizwa korona kupitia chakula au pakiti yake. Tena kipimo cha kawaida kinachotumiwa kwenye pakiti hutambua mabaki ya virusi, na mabaki si lazima yawe hai. Ni kama kuona nyayo mlangoni: unajua mtu alipita, hujui kama bado yumo ndani. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa mfanyakazi aliyesimama kando ya mwenzake. Katika wilaya ya Gütersloh, Ujerumani, zaidi ya wafanyakazi 1,500 wa kiwanda kimoja cha nyama waliambukizwa mwaka 2020. Watafiti waliochunguza kiwanda hicho waligundua kwamba mitambo ya kupoza ilikuwa ikizungusha hewa ile ile, na virusi vikasafiri zaidi ya mita 8 kutoka kwa mtu mmoja. Chumba cha baridi hufungwa ili baridi isitoke. Humo ndani watu hukaa karibu karibu, na kelele za mitambo huwafanya wapaze sauti. Hilo halijabadilika, na ndiyo maana mwenye homa na kikohozi anashauriwa kukaa nje ya chumba hicho hata kama hakuna sheria ya korona.

Kipimo kilicho lazima

Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Chini ya kanuni za usafi wa chakula zilizotungwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, kila anayeshughulikia chakula anapaswa kukaguliwa afya na kuwa na cheti, na cheti hicho hudumu miezi sita. Usidhani kinamhusu mpishi na mhudumu wa meza peke yao. Anayepanga samaki kwenye friza, anayekata nyama na anayejaza maziwa kwenye mitungi ya kupozea wamo pia.

Katika ukaguzi huo utaulizwa kuhusu afya yako, ngozi na mikono itaangaliwa kama ina vidonda, na utatoa choo kikapimwe maabara. Kinachotafutwa hasa ni minyoo, amiba na viini vya homa ya matumbo. Mtu anaweza kupona homa ya matumbo akabaki amebeba viini vyake bila kujua, naye akaendelea kuvipeleka kwenye chakula. Huyo hugunduliwa maabara tu, na kwake kipimo kina thamani kubwa.

Virusi kwa kawaida havimo katika orodha hiyo. Mtu angedhani basi kwamba havina maana katika chakula baridi, kumbe ni kinyume chake.

Baridi haiui virusi

Friza nzuri hushusha baridi hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa bakteria wengi, baridi hiyo huwazuia kuzaana. Virusi havizaani ndani ya chakula hata kidogo, hukaa tu vikingoja mtu avile, na baridi huvihifadhi pamoja na samaki. Mwaka 2012, karibu watu 11,000 mashariki mwa Ujerumani, wengi wao watoto wa shule, waliharisha na kutapika baada ya kula stroberi za kugandishwa zilizokuwa na norovirusi. Mwaka uliofuata, Italia ilipata mlipuko mkubwa wa homa ya ini aina ya A uliotokana na matunda madogo ya kugandishwa. Yote mawili yalitoka kwenye friza.

Virusi hivi viwili hutoka kwenye choo cha mgonjwa, hupita kwenye mikono na kuingia kwenye chakula. Norovirusi huanza ghafla na kuisha kwa siku moja hadi tatu, ila chembe chache mno, hata chini ya mia moja, zinatosha kumwangusha mtu mwingine. Homa ya ini aina ya A ni mjanja zaidi. Dalili huchukua siku 15 hadi 50 kujitokeza, na mgonjwa huambukiza zaidi katika wiki moja au mbili kabla ya macho kuwa ya manjano, wakati bado anajiona mzima na anaendelea kupanga katoni.

Kwa hiyo cheti cha miezi sita kinaeleza hali yako siku ile uliyopimwa. Hakijui kilichokupata Jumanne iliyopita. Ndiyo sababu kanuni zinamkataza mwenye kuhara, kutapika, macho ya manjano au kidonda chenye usaha kushika chakula, hata akiwa na cheti cha jana mfukoni. Anatakiwa kumwarifu msimamizi, na baada ya kuhara na kutapika kukoma angoje angalau saa 48 kabla ya kurudi. Kukitokea mlipuko, afisa wa afya ya umma anaweza kuagiza sampuli zaidi zichukuliwe na kumsimamisha mtu kazi kwa muda. Hapo virusi navyo vinaweza kupimwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: dawa ya kusugua mikononi yenye spiriti haifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayosaidia, na sakafu au meza iliyotapikiwa isafishwe kwa dawa ya klorini. Glavu chafu nazo hazina tofauti na mkono mchafu.

Atakayesema anaumwa, atakula nini?

Ugumu uko hapa, na kulikwepa swali hili ni kujidanganya. Kibarua anayelipwa kwa siku akisema tumbo linamsumbua, anarudi nyumbani mikono mitupu. Basi hunyamaza. Ghala lenye vyeti vyote ukutani na wafanyakazi wanaoogopa kusema wanaumwa si ghala salama.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kama kibarua wa siku. Anahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumlipa jioni kwa jioni. Wanaonyimwa haki hizi wanaweza kufika katika ofisi ya kazi iliyo karibu nao.

Sasa kile kipimo kisichoruhusiwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi vya Ukimwi kama sharti la kupata kazi au kubaki kazini. Virusi hivyo haviambukizwi kwa chakula, kwa hiyo haviingii kabisa katika cheti cha mhudumu wa chakula. Ukisikia neno "virusi" mlangoni mwa ghala, uliza ni virusi gani, kwa sheria ipi, na nani atakayeyaona majibu. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwajiri anachohitaji kujua ni iwapo unafaa kushika chakula au hufai.

Unapoenda kukaguliwa, beba kitambulisho na cheti cha zamani kama unacho. Chupa ya sampuli utapewa huko huko, usibebe ya nyumbani. Lipa ada kwa njia rasmi ya kaunti na udai risiti, na usikubali cheti kutoka kwa mtu ambaye hakukugusa mkono wala hakukuomba sampuli. Wenye maghala nao wakumbuke kuhesabu miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa kwenye kila cheti, kwani wafanyakazi hawakuanza kazi siku moja na vyeti vyao haviishi siku moja.