Kuongezewa damu: tuogope nini?

Mtoto mwenye malaria kali anapoandikiwa damu, baadhi ya wazazi husita. Hofu hiyo tunaielewa: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Lakini siku hizi damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari ya kuambukizwa haikwisha kabisa, ila ni ndogo sana. Kumchelewesha mtoto aliyepungukiwa mno damu kwaweza kumwua siku hiyo hiyo.

Madhara mengine yapo. Mgonjwa aweza kupata homa, kutetemeka au kuwashwa mwili. Mara nyingi hutulizwa kwa dawa. Ya hatari ni machache: maumivu ya mgongo au kifua, kuhema kwa shida, mkojo mweusi. Huenda damu haikulingana na kundi lake.

Kwa hiyo anayemwuguza akae karibu, hasa dakika 15 za mwanzo. Akiona dalili yoyote, amwite muuguzi mara moja ili damu isimamishwe. Asichomoe sindano mwenyewe.

Nasi wenye afya tuchangie damu mapema, tusingoje mgonjwa awe wa nyumbani kwetu.