Mzazi Humtafuta Mwanawe Kwanza

Mwezi Mei ukielekea ukingoni, shule za Dallas, Fort Worth na Houston, jimboni Texas, hufunga mwaka au hukaribia kufunga, na kwa wapiga picha huo ndio msimu wa mavuno. Kuanzia mahafali ya chekechea hadi ya sekondari, wazazi huuziwa video ya picha za mwaka mzima, zikipita moja baada ya nyingine huku muziki ukilia. Lakini mzazi mwenye maelfu ya picha kwenye simu yake atoe dola 20 za nini?

Picha zake ni za nyumbani. Hana ile ya mwanawe akicheka na wenzake wakati wa chakula cha mchana, wala ya rafiki aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule. Hizo ndizo anazonunua. Kwa hiyo kosa kubwa katika kazi hii ni mtoto asiyeonekana. Picha yenye ukungu husamehewa.

Piga hesabu. Picha moja ikikaa sekunde 4, picha 100 hula dakika 6 na sekunde 40. Darasa likiwa na watoto 25, mgawo wa haki ni picha 4 kwa kila mmoja, ukiacha za pamoja. Kamera haina haki hiyo: humfuata mchangamfu, humsahau anayejibanza dirishani. Dawa ni karatasi. Orodhesha majina yote, na kila unapochagua picha, weka kijistari mbele ya jina la kila anayeonekana sura. Mmoja akiwa na vijistari 11 na mwingine 1, kazi bado. Orodha hiyo ianze Agosti shule zinapofunguliwa, kwa sababu mwezi Mei huwezi kuchagua picha ambayo hukuipiga.

Karatasi hiyo iwe na safu ya ridhaa. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, huiruhusu shule kuhesabu picha ya mwanafunzi kuwa miongoni mwa taarifa zinazoweza kutolewa, mradi wazazi wajulishwe na wapewe nafasi ya kukataa. Mzazi aliyekimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo, anaweza kukataa, na hadaiwi maelezo. Kama Kiingereza kinampiga chenga, mfafanulie fomu kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi.

Muziki ndio mtego. Kununua wimbo wa kundi la Sauti Sol mtandaoni hakukupi haki ya kuuunganisha na picha na kuuza. Unahitaji ruhusa mbili: ya wenye utunzi na ya wenye rekodi. Leseni ya kupigia muziki ukumbini haitoshi. Njia nyepesi ni kununua muziki unaouzwa pamoja na leseni ya kazi kama hizi, au kuwarekodi watoto wenyewe, kwa idhini ya wazazi, wakiimba wimbo wa jadi kama “Ukuti, Ukuti”.

Usisahau kodi ya mauzo. Texas hutoza asilimia 6.25, na katika miji hii mitatu, pamoja na tozo za mitaa, hufika 8.25. Kwenye dola 20 ni dola 1 na senti 65.

Kabla ya kuuza, mwonyeshe mwalimu wa darasa video hiyo ikiwa haina sauti. Akiuliza, “Mbona simwoni yule wa dirishani?”, rudi kwenye karatasi yako.