Asilimia Sita za Chupi ya Kuogelea

Septemba 13, 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, mwanamume wa miaka 47 alivua nguo zake za kazi. Rollie Free alikuwa ametoka kukimbiza pikipiki ya Vincent kwa takriban kilomita 237 kwa saa, na upepo ulikuwa umeipasua suti yake ya ngozi kwenye mishono. Ngozi iliyochanika hupepea kama tanga lililokatika kamba, na kila mpepeo unakula nguvu za injini. Free akabaki na chupi na kofia ya kuogelea, na raba za kuazima miguuni.

Kisha akalala kifudifudi juu ya madigadi ya nyuma, miguu kainyoosha hewani nyuma ya gurudumu. Aliporudi alikuwa na rekodi ya maili 150.313, karibu kilomita 242 kwa saa. Picha yake inachekesha hadi leo, mpaka mtu akumbuke kwamba chumvi ile, ukiiangukia, ni msasa.

Utani huo una hesabu ndani yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya kuushinda mara nane. Ndiyo maana hatua ndogo kutoka 237 hadi 242, injini ikiwa ni ileile, ni sawa na kuongeza nguvu kwa asilimia 6 hivi. Fundi anaweza kukesha na kabureta wiki nzima akizitafuta asilimia hizo. Free alizipata kwa kuvua suruali.

Miguu nayo ilikuwa na kazi. Wengi hudhani hewa humzuia mkimbiaji kwa mbele tu, kama ukuta. Kumbe kizuizi chake kikubwa kiko nyuma. Hewa inayokipita kitu butu hushindwa kukutana tena kwa utulivu, ikaacha mkia wa mizunguko yenye kanieneo ndogo, na mkia huo humvuta mtu kinyumenyume. Mwendesha pikipiki anayelalia tangi akiteremka mlima amepunguza eneo la mbele. Free alifanya hivyo, kisha kwa miguu yake akakipa kiwiliwili ncha, mfano wa tone la maji.

Umbo hilohilo ndilo lililomvutia Bill Burke wa California baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndege za kivita zilibeba chini ya mabawa matangi ya ziada ya mafuta, yaliyochongwa na wahandisi ili hewa isiyasumbue. Mwaka 1946 Burke alilitia tangi la ndege ya P-51 magurudumu na injini. Baadaye akahamia tangi kubwa zaidi la P-38, ambamo dereva na injini waliweza kuingia pamoja. Jeshi lilikuwa limeshalipia utafiti wote; yeye alinunua bati.

Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, hakuwa na hata tangi la ndege. Alikuwa na pikipiki ya Indian Scout ya mwaka 1920, ambayo ikiwa mpya haikufika kilomita 90 kwa saa. Alisubu pistoni zake mwenyewe nyumbani, na zilizovunjika akazipanga kwenye rafu aliyoiandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa mwendokasi. Rafu ilijaa. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, alijibana ndani ya ganda jembamba la pikipiki hiyo huko Bonneville na kuandikiwa wastani wa maili 183.59 kwa saa.

Mwaka 2014 mwanawe aligundua kwamba wastani wa mikimbio yake miwili ya siku ile ulikokotolewa vibaya. Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani kikakubali na kuandika 184.09. Hivyo Munro, aliyefariki mwaka 1978, akaongeza nusu maili kwa saa akiwa kaburini, bila kugusa kabureta.